Dirisha Lina Uzito Gani?

Kijana alibandika karatasi yake ubaoni, akawageukia wenzake, akasema: "Mimi sikuweka dirisha."

Zoezi nililitoa mwenyewe. Nafundisha uchoraji wa majengo chuoni, na muhula ulipokuwa ukingoni niliona darasa limechoshwa na nyumba za vyumba vitatu, sebule na jiko. Nikawaambia wachore makazi ya watu wanne watakaoishi sayari ya Mirihi kwa mwaka mmoja na nusu. Wengi walileta michoro ya kufurahisha macho: kuba za kioo, bustani za ndani, sebule inayotazama jangwa jekundu. Yeye alileta pipa. Pipa refu lililolazwa, limefukiwa udongoni, lina mlango mmoja, basi.

Sauti ikatoka nyuma ya darasa: amechora kaburi.

Akajibu kwa hesabu. Ndani watu wanahitaji hewa, nje karibu hakuna. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia moja ya huu wa kwetu usawa wa bahari. Ukijaza ndani hewa kama ya Dar es Salaam, kila mita moja ya mraba ya ukuta inasukumwa kwenda nje kwa nguvu ya tani kumi. Ukuta wa mviringo unaibeba nguvu hiyo bila taabu. Utoboe sasa. Mkazo uliokuwa ukipita pale tundu lilipo unalazimika kuzunguka pembeni, kwa hiyo pembeni lazima pawe pazito zaidi. Kisha unaweka kioo, na kioo hakina tabia ya kupinda kwanza ili kikuonye. Kisha unaweka mpira wa kuziba, na mpira huzeeka.

"Dirisha ni uzito, ni hatari, na halifanyi kazi yoyote," alimalizia. "Mwenye hamu ya kuona nje awekewe kamera."

Nilimpa alama za juu, na alizistahili. Ila yale maneno "halifanyi kazi yoyote" yaligoma kunitoka kichwani. Wiki zilipita nikiwa nayo kwenye daladala, nikiwa nayo nasahihisha mitihani ya watu wengine.

## Kila nilipomtafuta, alikuwa ameshatangulia

Nilianza kwa kutafuta mahali hesabu zake zinapovuja.

Mionzi, kwanza. Chombo cha Marekani cha Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mirihi, kati ya mwishoni mwa 2011 na Agosti 2012, kilibeba kipimo cha mionzi ndani yake. Wastani uliosomwa ulikuwa milisiveti 1.84 kwa siku (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Hapa duniani mtu hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima kutoka kwenye mazingira ya asili. Siku moja njiani, basi, inamgharimu mtu karibu miezi tisa ya maisha ya kawaida. Ukitua, kiwango kinashuka hadi kama 0.64 kwa siku, kwa kuwa sayari yenyewe inakukinga upande wa chini. Bado ni kikubwa mno kwa mtu wa kukaa miezi kumi na minane. Kinga ya bei nafuu kuliko zote iko hapo hapo miguuni: udongo. Fukia nyumba. Na nyumba iliyofukiwa, dirisha lake litatazama nini?

Kisha takataka za angani. Mwaka 1983 chombo cha Challenger kilirudi duniani kikiwa na kijishimo kwenye kioo cha mbele, na uchunguzi ukaonyesha kilipigwa na chembe ya rangi iliyobanduka kwenye kitu kingine kilichokuwa kikizunguka Dunia. Rangi tu, tena chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, lakini kwa mwendo ule ilitosha. Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alipiga picha ya kovu la milimita 7 kwenye kioo cha Cupola, kile chumba cha madirisha saba kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Februari 2010. Kioo hakikutoboka, kwa sababu kila dirisha la Cupola lina tabaka kadhaa za kioo, na nje kuna vifuniko vya kufunga watu wasipotazama. Chumba chote kina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu.

Tani moja na nusu za kutazama nje.

Ningekuwa mhasibu wa uzito kwenye mradi ule, ningepiga mstari mwekundu. Na kweli kuna wakati Cupola iliondolewa kwenye bajeti ya Marekani. Ilinusurika kwa sababu Wazungu wa shirika la anga la Ulaya walikubali kuijenga kwa makubaliano ya kubadilishana huduma, ikaundwa Turin, Italia.

## Marubani waligoma kuwa mizigo

Nikarudi nyuma, mwanzoni kabisa mwa safari hizi, nikitafuta nani alikuwa wa kwanza kudai dirisha na alilidai kwa hoja gani.

Walikuwa marubani saba wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kurusha watu angani. Kidude walichokuwa wakiandaliwa kilikuwa na matundu mawili madogo ya kando na periskopu, bomba la kuchungulia nje kwa vioo. Alan Shepard aliruka nacho hivyo hivyo tarehe 5 Mei 1961. Lakini marubani walikuwa wameshang'ang'ania wapewe dirisha la kweli mbele ya uso, na Gus Grissom aliporuka Julai 21 mwaka huo huo, alikuwa nalo. Hoja yao haikuhusu mandhari. Walisema rubani asiyeona anakoelekea si rubani, ni abiria.

Miaka minane baadaye hoja hiyo ilipata ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu, kwenye chombo cha kutua mwezini kilichojengwa na kampuni ya Grumman. Mchoro wa awali ulikuwa na viti na vioo vikubwa vya mviringo, kama helikopta. Uzito ukakataa. Wahandisi walipunguza kioo, rubani haoni chini. Walipokirudisha, chombo hakinyanyuki. Ndipo wakafanya jambo ambalo sasa nalifundisha kila mwaka: wakaondoa viti. Mtu akisimama, uso wake unafika karibu kabisa na kioo, na kioo kidogo cha pembe tatu kilicho karibu na jicho kinaonyesha eneo kubwa kuliko kioo kikubwa kilicho mbali. Uzito wa vioo ukashuka, uzito wa viti ukatoweka, na rubani akaona vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kisha wakakifanya kioo chenyewe kuwa chombo cha kupimia. Walichora mistari yenye namba kwenye tabaka la ndani na la nje. Rubani alisogeza kichwa hadi mistari ya tabaka zote mbili ikalalia pamoja, na hapo jicho lilikuwa mahali pake sahihi. Kompyuta ilitoa namba, Buzz Aldrin akaisoma kwa sauti, Neil Armstrong akatazama kupitia alama ya namba ile, akaona mahali hasa mashine ilipokuwa ikiwapeleka. Tarehe 20 Julai 1969 iliwapeleka kwenye shimo lenye mawe makubwa. Aliyaona kwa macho yake, akashika usukani, akavuka mbele.

Nilifurahi sana siku niliyoipanga hoja hii. Nilisema moyoni: haya, dirisha limefanya kazi.

Furaha ilidumu mpaka nilipofikiria leo. Leo kamera na rada zinasoma ardhi kuliko jicho la mtu yeyote. Vyombo vinavyopeleka watu kwenye kituo cha anga vinajiegesha vyenyewe. Kila mwaka unaopita, dirisha la rubani linakuwa na sababu chache zaidi za kuwepo, na yule kijana alizaliwa ndani ya miaka hiyo. Kama dirisha ni kifaa cha rubani, basi linaelekea kustaafu pamoja na rubani.

## Mtu wa nembo ya Shell

Sababu nyingine ilibidi itoke kwa mtu asiyekuwa rubani wala mhandisi.

Skylab ilikuwa kituo cha kwanza cha anga cha Marekani, na mwili wake ulikuwa tangi. Walichukua hatua ya juu ya roketi ya mwezini, wakalifanya tangi la haidrojeni kuwa nyumba: kipenyo cha zaidi ya mita sita na nusu, kubwa kuliko kitu chochote kilichokuwa kimewahi kukaliwa na watu angani. Watu waliolijenga walikuwa wajenzi wa matangi. Kazi yao ya miaka yote ilikuwa kuhakikisha tangi halina tundu.

Mkuu wa safari za wanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakati huo, George Mueller, aliingia kwenye mfano wa ukubwa halisi, akatazama, akaona mtu hawezi kuishi humo miezi miwili bila kuchanganyikiwa. Mwaka 1967 wakaletewa Raymond Loewy. Huyu alikuwa msanifu wa viwanda mzaliwa wa Ufaransa. Mabasi ya Greyhound yalipita mikononi mwake, na ile nembo ya kombe la Shell tuliyoizoea vituo vya mafuta ni kazi ya ofisi yake pia. Wahandisi wa roketi wakakaa meza moja na mtu wa nembo.

Loewy alitaka mambo ambayo kwenye mizani yote yalikuwa hasara. Chumba cha watu kukaa na kula pamoja. Meza ambayo watu watatu wanaizunguka bila yeyote kuwa kichwani pa meza. Rangi za kutuliza. Na dirisha, hapo hapo penye chakula. Wahandisi walikataa: linaongeza uzito, linadhoofisha ukuta, linachelewesha kazi. Loewy akashikilia kuwa safari ndefu bila dirisha ni jambo lisilofikirika, na kwamba starehe yake peke yake inatosha kulipia gharama.

Dirisha likawekwa. Kipenyo chake kilikuwa kama sentimita 46. Nimepiga hesabu: Skylab ilijazwa hewa ya theluthi moja tu ya mgandamizo wetu, na hata hivyo kioo kile kilisukumwa kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani, usiku na mchana.

Wafanyakazi wa Skylab walikaa siku 28, kisha 59, kisha 84. Walikuwa na vitabu, muziki na mchezo wa vishale. Walichofanya zaidi ya vyote walipopata nafasi ni kwenda dirishani.

## Tundu lililookoa nyumba

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo la Skylab ambalo husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na mimi nalisoma kama somo la matundu.

Ilirushwa tarehe 14 Mei 1973. Dakika moja na sekunde chache baadaye ngao yake ya kuzuia vumbi la angani na jua ilichanika, ikang'oa bawa moja la umeme wa jua na kulibana la pili. Ikafika kwenye obiti, njia yake ya kuzunguka Dunia, ikiwa uchi. Joto ndani likapanda kupita nyuzi 50. Chakula, dawa na filamu vilikuwa hatarini, na hata vifaa vya ndani ya kuta vilihofiwa kutoa gesi ya sumu.

Siku kumi na moja baadaye Pete Conrad, Joe Kerwin na Paul Weitz wakaondoka na mwavuli. Mwavuli kweli, wa kitambaa na vijiti, ulioundwa harakaharaka na mafundi wa Houston chini ya Jack Kinzler. Waliusukuma nje wakiwa ndani, kupitia kijilango kidogo kilichotobolewa ukutani kwa ajili ya kutoa vifaa vya utafiti. Ukafunguka upande wa jua. Joto likaanza kushuka. Baadaye walitoka nje wakalikomboa lile bawa lililobanwa, lakini nyumba ilikuwa imeshapona kwa tundu.

Hakuna aliyekichora kijilango kile kwa ajili ya mwavuli. Kwenye mchoro wa pipa la kijana wangu, mwavuli ule usingekuwa na pa kupitia.

Bado, kijilango si dirisha. Hoja hii inanipa nafasi ya kupumua tu.

## Watu wa nyambizi

Pingamizi lililonisumbua kuliko yote ni hili: nyambizi za nyuklia hukaa chini ya maji miezi miwili na zaidi, mamia ya wanaume na siku hizi wanawake pia, bila dirisha hata moja, na hurudi bandarini salama. Mwaka 1960 nyambizi ya USS Triton ilizunguka Dunia nzima ikiwa imezama. Kama baharia anaweza, mwanaanga anashindwaje?

Nilikaa na swali hili muda mrefu. Sehemu ya jibu ni kwamba manahodha wa nyambizi wenyewe walishaliona tatizo. Bahari ilipokuwa shwari na adui yuko mbali, waliwaacha mabaharia wapange mstari kuchungulia kwenye periskopu, mmoja baada ya mwingine, waone wingu, waone pwani. Ilikuwa zawadi, na watu waliisubiri kama zawadi.

Sehemu nyingine ya jibu iko Moscow. Kuanzia tarehe 3 Juni 2010 hadi Novemba 4, 2011, wanaume sita (Warusi watatu, Mfaransa, Muitalia na Mchina) walifungiwa siku 520 kwenye mabomba ya chuma yasiyo na dirisha, kwenye taasisi ya tiba ya anga, wakiigiza safari ya Mirihi kwenda na kurudi. Jaribio liliitwa Mars-500. Kila mmoja alivaa kifaa mkononi kilichorekodi mwendo na mwanga. Mathias Basner na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2013, picha ilikuwa wazi: kadiri miezi ilivyosonga, watu walipunguza kujongea, wakazidisha kulala na kujilaza. Wengi wao walipata matatizo ya usingizi, umakini au mpangilio wa siku. Mmoja saa yake ya mwili iliachana na saa ya ukutani. Siku yake ikawa kama saa 25, hivyo kuna nyakati wenzake walikuwa macho naye amelala, na amri ya kuamka haikuweza kulirekebisha hilo.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyepiga mtu. Safari "ilifanikiwa."

Ila hebu fikiria wahandisi wangepewa pampu inayopoteza nguvu kidogo kidogo kila mwezi, au betri ambayo baadhi ya nyakati haiko kwenye saa ile ile na mashine nyingine. Wangeirudisha kiwandani. Hapa ndipo nilipoanza kukiona kilichonikera. Kilo za dirisha zinaandikwa kwenye jedwali siku ya kwanza ya mradi, na kila mtu mezani anaziona. Kilo za kutokuwepo kwake haziandikwi popote. Zinakuja mwezi wa sita, kwa sura ya mtu aliyejilaza, na hapo zinaitwa tatizo la tabia.

## Taa inaweza, au haiwezi?

Kijana angenijibu, na ningependa anijibu: Mwalimu, hiyo ni mwanga. Weka taa nzuri.

Ana haki. Kwenye Kituo cha Kimataifa walianza mwaka 2016 kubadili taa za zamani na kuweka taa za LED zinazoweza kugeuza rangi, zenye bluu zaidi asubuhi na wekundu zaidi kabla ya kulala, ili mwili ujue saa. Taa zinasaidia. Kama kazi ya dirisha ni mwanga, taa imeichukua kama kamera ilivyochukua kazi ya rubani.

Basi kinabaki nini?

Kinabaki kile ambacho watafiti waliopitia picha za Dunia zilizopigwa na wanaanga wa kituo hicho walikikuta. Zaidi ya asilimia 80 ya picha hizo hazikuombwa na mtu yeyote duniani. Wanaanga walizipiga kwa hiari yao. Hawa ni watu ambao ratiba yao hupangwa kwa dakika: saa ya kula, saa ya mazoezi, saa ya kwenda kukagua valvu. Wakiachiwa wanaelea dirishani. Abiria wa basi la Mwanza hugombea siti ya dirishani hata kama barabara anaijua mti kwa mti, na nadhani sababu ni moja: kila kitu kingine safarini kimeamuliwa na mwingine.

Hiyo ndiyo tofauti na kamera. Kamera inaonyesha pale ilipoelekezwa. Filamu ilichaguliwa, rangi ya taa ilipangwa, harufu ya hewa ni ile iliyochujwa na mashine. Ndani ya makazi ya anga, kila kinachomfikia mtu kimepitia uamuzi wa ofisi fulani. Dirisha ni sehemu pekee ya ukuta ambayo upande wa pili wake haukubuniwa na mtu. Sijui kukipima hicho kwa namba. Ila nakataa kwamba kwa kuwa hakina namba, basi ni sifuri.

## Galina Balashova na rangi ya sakafu

Kuna mtu mmoja alinifanya nisiwe mkaidi kuhusu kioo.

Galina Balashova alizaliwa mwaka 1931 huko Kolomna, Urusi. Alikuwa mchoraji majengo wa kawaida, akichora nyumba za wafanyakazi wa taasisi ya Sergei Korolev, ile iliyomrusha Gagarin. Mwaka 1963 waliokuwa wakibuni Soyuz, chombo cha Urusi cha kubeba wanaanga, waligundua kuwa hawana mtu anayejua kupanga chumba. Yeye alikuwepo. Tangu hapo, mambo ya ndani ya Soyuz, kisha ya kituo cha Mir, yalipita kwenye meza yake.

Alishughulika na jambo ambalo sisi wachoraji wa duniani hatulifikirii kamwe: angani hakuna juu wala chini, mtu anaweza kulala ukutani au darini, na macho yanakosa pa kushika. Akaamua sakafu iwe na rangi nzito kuliko dari, na kuta ziwe katikati. Mtu akifungua macho anajua miguu iko wapi. Rangi haina kilo. Na kwenye vyumba vya Soyuz alitundika picha ndogo alizozipaka mwenyewe kwa rangi za maji, mandhari za nyumbani, zikaruka na wanaanga na kuungua na vyumba hivyo vilipoachwa viteketee kwenye angahewa.

Nilipomsoma nililazimika kumpa kijana haki nyingine. Kukosa dirisha si kukosa kila kitu. Pipa lililofukiwa na mtu kama Balashova linakalika kuliko kuba la kioo lililochorwa na mtu asiyejali. Ambacho mchoro wa pipa haukuwa nacho ni rangi ya sakafu, ni pa kukaa pamoja. Ulikuwa na kuta.

## Ukuta wa maji

Halafu kuna barafu.

Mwaka 2015 NASA ilishindanisha michoro ya makazi ya Mirihi yanayoweza kujengwa kwa mashine za kuchapa vitu vya 3D. Washiriki wengi walikwenda kwenye udongo, kama kijana wangu. Waliopata nafasi ya kwanza, kundi la wasanifu wa New York la Space Exploration Architecture na Clouds Architecture Office, walikataa kufukia. Walichora nyumba ya barafu.

Nilitaka kuipuuza kama mapambo, kisha nikaangalia fizikia. Kinachokinga mionzi ya anga vizuri ni haidrojeni, na maji yana haidrojeni nyingi. Kwenye latitudo za juu za Mirihi barafu iko karibu na uso wa ardhi. Barafu hupitisha mwanga. Yaani kitu kile kile kinachofanya kazi ya udongo kinafanya na kazi ya kioo, na swali la kijana, kinga au dirisha, linapoteza kile kiungo "au."

Mashaka bado ni mengi. Kwenye hewa nyembamba kiasi kile barafu haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja, kwa hiyo ni lazima ifungwe ndani ya utando wa plastiki usiopitisha hewa, na utando huo uhimili mgandamizo wa ndani, baridi na miale ya jua kwa miaka. Kuichimba ni kazi, kuisafisha ni kazi. Na kinachopita kwenye barafu ni mwanga, mandhari haipiti. Lakini mchoro huu umenisogeza kuliko hoja zote nilizosoma, maana watu wake hawakubishana na jedwali la uzito. Walitafuta kitu kilichokuwa tayari kimelipiwa humo.

## Dunia ikiwa nukta

Ushahidi wote nilioutaja wa dirisha, kuanzia kijidirisha cha Grissom hadi Cupola, una kitu kimoja nje yake: Dunia, au Mwezi. Wanaotazama wanaona mawingu juu ya bahari wanayoijua, wanaona taa za mji waliozaliwa. Hakuna binadamu aliyewahi kwenda mbali hadi Dunia ikawa nukta miongoni mwa nukta. Njiani kwenda Mirihi itakuwa hivyo, na sauti kutoka nyumbani itachukua hadi dakika ishirini na zaidi kufika.

Je, dirisha linaloonyesha weusi kwa miezi saba linaponya au linaumiza? Mtu anaweza kujenga hoja nzuri upande wowote. Wahandisi watalazimika kuamua kabla ya ushahidi kuwepo, kwa sababu ushahidi ni watu wenyewe watakaokuwa ndani.

Mimi nimeshaamua. Ningeweka moja, dogo, lenye tabaka nne na kifuniko cha nje, kwenye ukuta ulio jirani na matangi ya maji ambayo lazima yabebwe hata hivyo, ili atazamaye awe amezungukwa na kinga. Ningeliweka penye meza ya chakula kama Loewy, na ningelisogeza karibu na uso kama walivyofanya Grumman, mtu asimame mbele yake, asiketi. Anayetaka weusi afungue, asiyetaka afunge. Kishikio kiwe mkononi mwa mkaaji, kisiwe na waya wa kwenda kwenye kompyuta wala ruhusa ya kuombwa duniani. Na kilo zake ningeziandika mstari wa kwanza kabisa wa jedwali, juu ya injini, kabla mtu yeyote mezani hajaanza kutafuta pa kupunguza.